Mstari Mkavu wa Mwaka: Hotuba juu ya Kumbukumbu za Wamonaki wa Ayalandi na Hati Zilizosalia

Ndugu Mwenyekiti, wakutubi na watunza nyaraka wenzangu, walimu, wanafunzi na wageni wetu nyote,

Chini ya mwaka 1007, katika kitabu kiitwacho Kumbukumbu za Ulster, imeandikwa habari ya wizi. Injili kuu ya Colum Cille, mtakatifu wa Ayalandi wa karne ya 6, ambayo mwandishi anaisifu kuwa ndiyo masalia bora kupita yote ya ulimwengu wa magharibi, iliibwa usiku kutoka sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, ya upande wa magharibi ya kanisa kubwa la mawe la Cenannas, mji ambao leo unaitwa Kells. Kilichomvuta mwizi kilikuwa kasha lake lililonakshiwa. Zikapita siku ishirini na miezi miwili ndipo kitabu kilipopatikana, dhahabu imekwisha kubanduliwa, nacho kimefunikwa kwa bonge la udongo wenye majani. Mwandishi hamtaji mwizi wala hasemi kama alikamatwa. Mstari unaofuata unakwenda kwenye jambo jingine kabisa.

Wataalamu wengi huamini kwamba injili ile ndiyo Kitabu cha Kells, ambacho umati wa watalii hupanga foleni kukitazama katika maktaba ya Trinity College, Dublin. Katika maktaba hiyo hiyo kuna kitabu kingine, hati ya mkono namba 1282, ambacho hakina picha za malaika wala herufi zilizosukwa kama ukili. Kina kurasa za ngozi ya ndama zilizojaa maandishi ya kubana. Humo ndimo ilimohifadhiwa habari ya wizi wa ndugu yake mzuri. Nimeombwa nizungumze juu ya hati za Ayalandi ya zama za kati, na kwa ruhusa yenu nitakiacha kitabu kizuri, nizungumze juu ya hiki cha pili na jamaa zake, kwa sababu naamini kwamba ushahidi bora tulio nao juu ya nchi ile umekaa katika mistari yao mikavu, ile ambayo msomaji wa haraka huiruka.

Kumbukumbu hizi zina umbo moja. Kila mwaka hufunguliwa kwa herufi mbili, K na l, ufupisho wa neno la Kilatini linalotaja siku ya kwanza ya Januari. Katika sehemu za zamani, mara nyingi hufuata siku ya juma ambayo Januari mosi iliangukia, na umri wa mwezi siku hiyo, yaani ulikuwa umeandama siku ngapi. Kisha huja matukio: abate fulani amefariki, mfalme fulani ameuawa, vita vimepiganwa mahali fulani, ng'ombe wamekufa kwa maradhi, upepo mkali umevuma. Mwaka mmoja unaweza kuwa na sentensi ishirini, na mwingine ukawa na moja tu. Anayetafuta simulizi hapa atachoka upesi, kwa kuwa sababu hazitolewi na mkasa haumaliziki. Lakini hesabu ile ya siku ya juma na umri wa mwezi haikuwekwa kwa mapambo. Watawa walihitaji kuijua Pasaka mapema, na Pasaka hufuata jua na mwezi kwa pamoja, kwa hiyo kila monasteri iliyojiheshimu ilikuwa na mtu aliyeijua hesabu hiyo, na uandishi wa matukio ulikua sambamba nayo. Nasi leo tunaitumia hesabu ile ile kuwakagua wenyewe walioiandika.

Kazi hii ilianzia wapi? Kumbukumbu za Ulster zinaanza na mwaka 431, Papa Celestine alipomtuma Palladius kuwa askofu wa Wakristo wa Ayalandi, lakini hakuna anayedhani kwamba mistari ya karne ile iliandikwa na mtu aliyekuwapo. Iliingizwa baadaye kutoka vitabu vingine. Uandishi wa mwaka kwa mwaka, kwa kadiri wataalamu wengi wanavyokubaliana, ulishika mizizi katika kisiwa cha Iona, pwani ya magharibi ya Skotilandi, ambako Colum Cille alijenga monasteri yake mwaka 563. Mpaka karibu mwaka 740 habari za Iona na majirani zake zinajitokeza kwa wingi, kisha zinafifia, na uzito unahamia katika ardhi ya Ayalandi yenyewe. Mpaka mwaka 911 Kumbukumbu za Ulster na zile za kundi la Clonmacnoise, monasteri kubwa ya Mtakatifu Ciarán kando ya mto Shannon, zinakwenda pamoja, mara nyingi neno kwa neno; baada ya hapo kila moja inashika njia yake. Kutokana na mfanano huo wanahistoria wamehitimisha kwamba palikuwa na kitabu kimoja cha asili, wakakiita Kumbukumbu za Ayalandi, na mwaka 2006 Thomas Charles-Edwards akachapisha jaribio la kukijenga upya. Kitabu hicho hakuna aliyekiona. Tunakijua kama tunavyomjua babu aliyekwisha kufa kwa kuwatazama wajukuu wanaofanana pua.

Lugha nayo ilihama. Mwanzoni ni Kilatini, halafu katika karne ya 9 Kiayalandi kinaanza kupenya, kwanza neno moja moja, baadaye sentensi nzima, mpaka Kilatini kikabaki katika maneno machache ya mazoea, kama vile kutaja kifo cha mtu wa dini. Wakati huo huo ndipo meli za watu wa Kaskazini zilipokuwa zikiingia. Mwaka 795 wapagani, kama waandishi wanavyowaita, walikichoma kisiwa cha Rechru, pwani ya Ayalandi. Mwaka 806 waliwaua watu 68 wa jumuiya ya Iona. Mwaka uliofuata jumuiya ilianza kujenga makao mapya kule Cenannas, ambako miaka 200 baadaye injili yao ingefukiwa chini ya bonge la udongo. Kumbukumbu zinataja idadi, 68, na hazilii. Mtu aliyeandika idadi hiyo huenda aliwajua kwa majina.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Mwaka 664 kuna mistari michache inayosema kwamba palikuwa na giza siku ya kwanza ya Mei, saa tisa, kwamba kiangazi kile mbingu zilionekana kuwaka moto, na kwamba tauni ilifika Ayalandi siku ya kwanza ya Agosti. Niseme kwa kupita kwamba msomaji wa Kiswahili ana bahati katika saa hii, maana Warumi na watawa waliorithi hesabu yao walianza kuhesabu saa tangu jua linapochomoza, kama sisi, na saa yao ya tisa ni saa tisa yetu ya alasiri, haihitaji kugeuzwa. Kupatwa huko kwa jua kunatajwa pia na Bede, mwanachuoni mkubwa wa Uingereza aliyekamilisha historia yake mwaka 731, naye anakuweka tarehe 3 Mei. Wanafalaki wa leo wanaweza kurudisha nyuma mwendo wa jua na mwezi kwa usahihi mkubwa, na jawabu lao ni tarehe 1 Mei. Bede, pamoja na elimu yake yote na ufasaha wake wote, alikosea kwa siku mbili, na mistari mikavu isiyo na jina la mwandishi ndiyo iliyokuwa sahihi. Kwa mizani yangu, jambo hilo linaonyesha kwamba nyuma ya mistari hiyo palikuwa na mtu aliyetoka nje, akatazama juu, akaingia ndani na kuandika alichokiona, na kwamba wanakili wa karne nyingi waliomfuata hawakumsahihisha.

Mtaniuliza juu ya merikebu za angani, kwa sababu kila mwanafunzi anayefungua vitabu hivi huzikuta mapema. Ni kweli, chini ya mwaka 749 imeandikwa kwamba merikebu pamoja na mabaharia wao zilionekana angani juu ya Clonmacnoise. Sitawaambia kwamba zilipaa, wala sitajitia ujuzi wa kueleza ni wingu gani. Ninachowaomba ni kutazama jinsi zilivyoandikwa: kwa sauti ile ile, kwa kipimo kile kile cha maneno, na kwa kitenzi cha tahadhari, zilionekana. Kisha songeni mbele miaka 15, mpaka 764, mkute vita kati ya watu wa monasteri ya Clonmacnoise na watu wa monasteri ya Durrow, ambamo wanaume 200 wa Durrow walianguka. Hizi zilikuwa nyumba za sala, na waandishi wenyewe walikuwa watu wa nyumba za namna hiyo. Mtu aliyetaka kuipamba sifa ya utawa angeacha mstari huo nje, naye hakuuacha.

Hali ya hewa ndiyo iliyowarudishia vitabu hivi heshima mbele ya watu wa sayansi. Chini ya mwaka 536 Kumbukumbu za Ulster zina maneno mawili ya Kilatini yanayomaanisha kupotea kwa mkate, basi. Hapana maelezo. Leo pete za miti na barafu ya kale vinaonyesha kwamba mwaka ule ulifungua kipindi cha baridi kali katika sehemu kubwa ya dunia ya kaskazini, baada ya mlipuko mkubwa wa volkano ambao majivu na gesi yake vilipunguza nuru ya jua. Mwandishi hakujua habari ya volkano. Alijua kwamba ngano haikuiva. Na kwa mwaka 818 tunasoma juu ya theluji na barafu zilizodumu tangu Epifania mpaka Kwaresima ilipokaribia: watu walivuka mto Boyne na mito mingine kwa miguu mikavu, maziwa nayo vilevile, na mbao za kujengea kanisa dogo zilisafirishwa juu ya barafu ya Ziwa Erne kutoka nchi ya Connacht. Naipenda sana habari hii ya mbao. Mtu mwingine angeandika kwamba baridi ilikuwa kali isiyo na mfano, lakini huyu alitupa kipimo, kwa kuwa barafu inayobeba shehena ya mbao na wanyama wanaoikokota ina unene ambao mhandisi anaweza kuukisia.

Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na Francis Ludlow lilichapisha matokeo ya kupitia zaidi ya habari 40,000 katika kumbukumbu hizi, za kati ya mwaka 431 na 1649, na kuzilinganisha na nguzo ya barafu iliyochimbwa Greenland, ambamo kila mlipuko mkubwa wa volkano huacha tabaka la asidi. Katika barafu walihesabu milipuko 48. Milipuko 38 kati ya hiyo ilikaribiana kwa wakati na matukio 37 ya baridi kali yaliyoandikwa Ayalandi. Barafu ya Greenland haikuwahi kusoma Kilatini, na watawa hawakuwahi kuisikia Greenland ikichimbwa. Mashahidi wawili wasiojuana wametoa maneno yanayolingana, na mahakama yoyote ingewasikiliza.

Hata hivyo tusiwapake mafuta kupita kiasi. Dunia ya vitabu hivi ni nyembamba. Wamejaa humo maabate, maaskofu na wafalme. Mabibi wakuu wa watawa wa Kildare wanatajwa wanapofariki, lakini wanawake kwa jumla ni wachache. Na mkulima anaonekana tu anapokufa kwa njaa, kama mwaka 700, ambapo inasemwa kwamba njaa na tauni vilidumu miaka mitatu hata mtu akamla mtu. Na ukavu ule nao huvunjika pale hasira ya mwandishi inapozidi. Edward Bruce, ndugu wa mfalme wa Skotilandi, aliyeivamia Ayalandi mwaka 1315 wakati wa njaa kuu, aliuawa mwaka 1318, na Kumbukumbu za Ulster zinamwita mharibifu wa Ayalandi yote, wageni na wenyeji, kisha zinasema kwamba tangu kuumbwa kwa ulimwengu watu wa Ayalandi hawakutendewa jambo jema kuliko hilo. Ukisoma mistari elfu moja ya kifo hiki na kifo kile, halafu ukakutana na sentensi hiyo, unashtuka kama mtu aliyesikia mlango ukibamizwa msikitini au kanisani.

Kuna pia kosa moja ambalo kila anayenukuu lazima alijue. Namba za miaka ya Bwana katika hati ya Ulster ziko nyuma kwa mwaka mmoja kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1013. Wizi wa injili niliouanza nao umeandikwa chini ya 1006 na wataalamu huusoma kuwa 1007. Kosa lenyewe tunaligundua kwa msaada wa siku za juma na umri wa mwezi.

Nimekuwa nikisema kitabu, lakini sisi tunaotunza karatasi tunajua kwamba maandishi ni kitu kimoja na hati ni kitu kingine. Hati ya zamani kuliko zote za aina hii zilizosalia ni ya Kumbukumbu za Inisfallen, iliyopewa jina la kisiwa kidogo katika ziwa la Killarney, kusini-magharibi, na sasa imo katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Ina karatasi za ngozi 57. Mkono mmoja uliandika tangu mwanzo mpaka mwaka 1092, kwa mpangilio na kwa wino unaofanana, maana yake mtu huyo alikuwa akinakili kutoka kitabu kingine kwa wakati mmoja. Kuanzia hapo mikono inaanza kubadilika, na walioichunguza hati hiyo wamehesabu mikono inayokaribia 40 mpaka mwaka 1326, huku wino ukikolea na kupauka, na herufi zikiwa nzuri au mbovu kulingana na aliyeshika kalamu. Kwa jicho la msomaji wa kawaida sehemu ya pili ni vurugu. Kwa jicho letu ndiyo hazina, kwa sababu inaonyesha watu walioandika habari ya mwaka wakati mwaka wenyewe ungali mbichi, au muda mfupi baadaye. Kila toleo la chapa, hata lililo bora, hulainisha tofauti hizo, na ndiyo maana huwasihi wanafunzi watazame picha ya ukurasa kabla hawajanukuu neno. Siku hizi hawana udhuru: Taasisi ya Dublin ya Masomo ya Juu imeweka picha za hati nyingi za Kiayalandi katika intaneti, na chuo kikuu cha Cork kimeweka maandishi yenyewe pamoja na tafsiri, bila malipo.

Kumbukumbu za Ulster nazo, zinazotupa habari za karne ya 6 na ya 7, zimetufikia katika hati ya mwishoni mwa karne ya 15. Aliyezikusanya ni Cathal Mac Maghnusa, aliyekaa katika kisiwa cha Seanadh, sasa Belle Isle, ndani ya Ziwa Erne lile lile ambalo mbao zilikokotwa juu yake mwaka 818. Alikuwa kanoni wa Armagh na mkuu wa mapadre wa eneo la ziwa, mtu wa mali na wageni, na pia baba wa watoto zaidi ya kumi, jambo ambalo katika Ayalandi ya wakati wake halikumshangaza mtu kama linavyowashangaza baadhi yetu hapa. Kazi ya kalamu aliifanya Ruaidhrí Ó Luinín, na Cathal mwenyewe akawa anaongeza na kusahihisha. Mwaka 1498 Cathal alikufa kwa ndui, katika mwaka wa sitini wa umri wake, na kifo chake kimeandikwa ndani ya kitabu chake, pamoja na sifa nyingi na ombi kwamba kila atakayekisoma na kufaidika nacho aiombee roho ya Cathal. Kwa hiyo kati ya mtu aliyeona mbao zikivuka ziwa na ngozi tunayoishika leo kuna karibu miaka 700 ya kunakili, na kiungo kimoja tu cha mnyororo huo, cha mwisho, ndicho tunachokijua kwa jina na kwa ugonjwa uliomuua.

Hati nyingine hazikubahatika hivyo. Kumbukumbu za Tigernach, zilizopewa jina la abate wa Clonmacnoise aliyefariki mwaka 1088, zimebaki vipande katika Oxford, na kati ya mwaka 766 na 974 hamna kitu, zaidi ya miaka 200 imekatika. Kumbukumbu za Clonmacnoise zimepotea kabisa katika lugha yao. Tulicho nacho ni tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya Conall Mac Eochagáin mwaka 1627, na hata hiyo kwa nakala za baadaye tu. Katika utangulizi wake anawalalamikia warithi wa familia za waandishi kwamba, kwa kuwa taaluma yao haikuleta tena heshima wala riziki, waliwapeleka watoto wakajifunze Kiingereza, na baadhi yao wakawaruhusu mafundi cherehani kukata kurasa za vitabu vya babu zao vipande virefu vya kupimia nguo. Ndugu zangu, sisi tuliowahi kununua karanga zilizofungwa katika karatasi yenye mwandiko mzuri wa karani wa zamani hatuwezi kucheka sana. Ngozi ya ndama haipanuki ikivutwa. Ni utepe mzuri wa kupimia. Kwa fundi yule ukurasa ule ulikuwa na faida kuliko kwa mwenye nyumba.

Kutokana na hofu ya kupotea kwa vitabu hivi ndipo ilipotoka kazi kubwa kuliko zote. Mwaka 1626 Wafransisko wa Ayalandi waliokuwa uhamishoni Louvain, Ubelgiji, walimtuma bruda mmoja, Mícheál Ó Cléirigh, arudi nyumbani akanakili chochote atakachokikuta. Monasteri zilikuwa zimefungwa karibu karne moja nyuma na wakuu wa kaskazini walikwisha kukimbia nchi mwaka 1607. Tarehe 22 Januari 1632 yeye na wenzake walianza kuunganisha vitabu vilivyosalia, wakiwa na jamaa wa Kifransisko kando ya mto Drowes, na tarehe 10 Agosti 1636 walimaliza. Kazi yao inaitwa Kumbukumbu za Walimu Wanne, jina lililotolewa na mwenzao John Colgan, ingawa walioshika kalamu walikuwa sita. Katika utangulizi waliorodhesha vitabu walivyovitumia: cha Clonmacnoise, cha Kisiwa cha Watakatifu, cha Seanadh katika Ziwa Erne, na vingine. Kile cha Seanadh ndicho cha Cathal, tunacho. Vingi vya vile vingine havijulikani vilipo.

Wanahistoria wa leo huwasoma Walimu Wanne kwa tahadhari, nami nakubaliana nao. Walipanga upya habari kwa kufuata miaka ya utawala wa wafalme, na katika karne za mwanzo tarehe zao mara nyingi zimepotoka kwa miaka kadhaa. Hesabu ya mwezi, ambayo ingewasaidia, haimo. Walitaka kuiachia nchi yao kitabu chenye fahari, na fahari hiyo ikaugharimu ule mstari mkavu ninaoutetea. Lakini pale ambapo vyanzo vyao vimepotea ndio peke yao waliobaki kusema, na mtu aliyezama hachagui ubao.

Nimeyabakiza mapengo mawili. La kwanza ni la John Clyn, Mfransisko wa Kilkenny, ambaye kumbukumbu zake ni za Kilatini na nyumba yake si ya wale wamonaki wa kale, ila sikuweza kumwacha. Mwaka 1349, tauni ikiwa imewamaliza watu wa mji na wa konventi yake, yaani nyumba yake ya watawa, aliandika kwamba yumo kati ya wafu akingoja kifo, kwamba ameandika aliyoyasikia na kuyahakikisha, na kwamba anaacha ngozi tupu ili kazi iendelezwe, endapo mtu yeyote wa uzao wa Adamu ataokoka. Hati yake ya asili imepotea. Katika nakala zilizobaki, baada ya maneno yake machache ya mwisho, mkono mwingine umeongeza kwamba hapa yaonekana mwandishi alifariki.

La pili ni la Dubhaltach Mac Fhirbhisigh, mwana wa familia ya wanachuoni wa Lecan, Sligo, aliyenakili katika karne ya 17 kitabu cha kundi la Clonmacnoise kiitwacho Chronicon Scotorum. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka 1671. Alipofika mwaka 722 alikuta kitabu cha kale kilichokuwa mbele yake kimepungukiwa karatasi mbili. Angeweza kuunganisha pande mbili kimya kimya, na sisi tungesumbuka sana kugundua. Angeweza pia kuziba kwa habari za kitabu kingine, kama wengine walivyofanya. Aliandika kwamba upana wa karatasi mbili za kitabu anachokinakili haupo, kwamba anauachia nafasi iliyobaki ya ukurasa, akatia jina lake, kisha akaendelea na mwaka 804.